Jibu: Visiwa vya Lamu, marafiki wanne, siku tano za mwezi wa saba

Umeuliza kama siku tano zinawatosha nyinyi wanne kuzunguka visiwa vya Lamu. Zatosha, ndugu yangu, ila Kiwayu, kisiwa cha mbali kaskazini, kiacheni safari hii. Mwezi wa saba upepo wa kusi unavuma, na bahari ya nje si ya mzaha. Basi litawafikisha Mokowe, gati la upande wa bara, hapo mnavuka kwa boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Mabegi ya mgongoni sawa. Mwenye begi la magurudumu aliache nyumbani, vichochoro vile ni vya watu na punda.

Kijiji cha Shela mnaenda kwa miguu tu kutoka Amu, kando ya maji.

Takwa, magofu ya mji wa kale kwenye kisiwa cha Manda, ndiko kwa kuangalia. Muulizeni nahodha habari za maji kujaa na kutoka kabla ya kuuliza bei. Sisi tulijitia wajuaji, tukakawia magofuni tukipiga picha ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla. Kurudi, maji yametoka, mashua imekaa topeni katikati ya mikoko. Tukashuka kusukuma, tope magotini, mwenzetu mmoja akapoteza ndala zote mbili. Nahodha anacheka tu.

Kwa kisiwa cha Pate, pandeni boti ya abiria, msikodi. Inapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakijaa, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika kila siku. Ulizeni gatini jioni ya kabla. Mkishuka Mtangawanda, gati la Pate, chukueni bodaboda hadi mji wa Siyu mkaone ngome, na mlale huko usiku mmoja. Kaptura za ufukweni zibaki begini mkiingia mjini.