Tangi Moja, Nyumba Kumi na Mbili

SWALI: Mhariri mpendwa, tunaishi katika ploti ya nyumba kumi na mbili mtaani Umoja. Maji ya mgao hutufikia siku mbili kwa wiki, nayo huhifadhiwa katika tangi moja tunalolitumia sote. Mimi huweka maji ya kufulia nikayamwaga chooni, ilhali wengine huacha mifereji ikitiririka. Mume wangu ananiambia kwamba uhaba wa Nairobi hautamalizwa na beseni la mama mmoja. Je, kweli najisumbua bure?

JIBU: Dada mpendwa, kuhusu jiji mumeo amesema kweli. Tunategemea zaidi bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, wakati sensa ya karibuni, ile ya 1989, ilikuwa imehesabu wakazi milioni 1.3 tu wa Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Isitoshe, maji mengi hupotelea njiani katika mabomba yaliyochakaa. Mzigo huo ni wa serikali na kampuni ya maji, kwani Kifungu cha 43 cha Katiba kimetupa haki ya maji safi na ya kutosha, na si halali kumtwika mama mwenye beseni.

Kuhusu ploti yenu, hata hivyo, amekosea. Mgao ukishakatika, lita unayoiacha hubaki mumo humo tangini, na jirani wa ghorofa ya juu ataikuta Jumapili. Majuzi nilitega glasi ya robo lita chini ya mfereji wangu uliokuwa ukidondoka, ikajaa kwa dakika kumi na tano. Hizo ni lita 24 kwa siku, yaani zaidi ya mtungi mzima, na kilichohitajika ni kubadilisha mpira mdogo wa ndani.

Chunguzeni vyoo pia, maana huvuja kimyakimya. Mimina kikombe cha chai ya rangi iliyopoa katika tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa, kisha utazame bakuli: ukiiona rangi, mpira wa chini hauzibi. Maji yako ya sabuni endelea kuyatumia, ila yasilale zaidi ya siku moja, yataanza kunuka.

Kisha mwombeni mwenye ploti afunge mifereji ya paa kabla ya mvua za Machi. Paa la mita 50 za mraba, likinyeshewa milimita 20, hukusanya karibu lita 1,000.