Sayari Usizoziona Nazo Zihesabu

"Shikamoo dada. Kuhusu nyota ngapi kama Jua zina sayari mfano wa Dunia, mmoja kaandika asilimia 22, mwingine karibu nusu. Nimwamini nani?" Kijana aliyeniandikia hivyo juzi hakujua ametonesha kidonda. Nami niliwahi kusimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yangu kuhusu wingi wa sayari zinazokalika.

Nilitumia data za darubini ya Kepler, iliyorushwa 2009 ikakodolea macho nyota zaidi ya 150,000, ikisubiri sayari zikatize mbele ya nyota hizo na kufifisha mwanga wake. Nikahesabu sayari ndogo zilizo katika ukanda wa maji, yaani umbali kutoka nyota ambako maji yanaweza kubaki kimiminika, nikagawa kwa idadi ya nyota, nikatangaza kwamba Dunia nyingine ni adimu mno. Mzee mmoja akauliza, "Na zile ambazo hazikukatiza?" Nikakosa jibu. Nyuma yangu watu wakacheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Jibu lilikuwa hili: anayetutazama kutoka nyota ya mbali ana nafasi kama 1 kati ya 200 ya kuona Dunia ikikatiza mbele ya Jua. Kwa hiyo kila sayari ya namna hiyo uliyoiona inabeba wenzake wapatao 200 usiowaona. Tena Dunia hufifisha Jua kwa chini ya sehemu 1 katika 10,000, mara moja tu kwa mwaka, na gurudumu la pili la kuielekeza Kepler lilikufa 2013; kwa hiyo hata kati ya zinazokatiza, programu ya kuzisaka huzikosa nyingine.

Ndugu zangu, pandikizeni sayari bandia ndani ya data, kisha mhesabu programu yenu imenasa ngapi, mjue inakosa ngapi. Nililifanya hilo miezi minane. Msione uvivu. Pandikizeni!

Kuhusu zile namba: wanaanga Petigura na wenzake, 2013, wenye ile asilimia 22, walihesabu sayari zenye upana wa mara 1 hadi 2 wa Dunia, katika ukanda mpana unaopokea robo hadi mara 4 ya mwanga wetu; kwa mwanga huo hata Zuhura na Mirihi zimo. Bryson na wenzake, 2020, walichukua upana wa 0.5 hadi 1.5 na ukanda mwembamba zaidi, wakapata wastani wa sayari 0.37 hadi 0.60 kwa kila nyota, ndiyo ile "karibu nusu". Hao wamejibu maswali mawili tofauti. Kabla hujauliza nani mkweli, tazama mipaka aliyoweka. Kabla hujahesabu, andika yako.

Niliporudi chumba kilekile, mzee aliuliza swali lilelile. Nilimjibu dakika 40, na hakuna aliyecheka.