Kugeuza kurasa za PDF kuwa picha ndani ya kompyuta yako
Ndugu, umeuliza namna ya kugeuza mkataba wako wa PDF kuwa picha bila kuupandisha kwenye tovuti yoyote, na hofu yako ni ya haki, kwa sababu faili ikishafika kwenye seva ya mtu mwingine huna njia ya kuhakikisha kwamba imefutwa kweli. Tumia pdftoppm, programu ya bure iliyomo katika Poppler, mkusanyiko wa zana za kushughulikia faili za PDF, ambayo hufanya kazi hata intaneti ikiwa imezimwa. Fungua dirisha la kuandikia amri katika folda yenye mkataba, kisha andika:

pdftoppm -png -r 300 mkataba.pdf ukurasa

Neno ukurasa ni mwanzo wa majina ya picha zitakazotoka, na namba 300 ni idadi ya nukta kwa kila inchi. Usipoitaja, programu hutumia 150, ambayo yatosha kusomwa kwenye skrini, lakini kwa kuchapisha mimi naiona hafifu. Kwa maandishi ni bora kubaki na aina ya picha ya PNG, kwani aina ya JPEG hutia ukungu kwenye kingo za herufi. Ukihitaji ukurasa wa 3 hadi wa 5 pekee, ongeza -f 3 -l 5 kabla ya mkataba.pdf. Tafadhali hakikisha pia kwamba folda hiyo hainakiliwi yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, maana picha zote zingetoka nje bila wewe kujua.