Kufuli linalokaguliwa mara saba

Mwanangu wa Kondele, Kisumu, umeeleza kwamba una miaka 16, kwamba kila usiku unakagua kufuli la mlango mara saba na kunawa mikono hadi ngozi inapasuka, na kwamba baba hataki kusikia chochote chini ya A katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Pole sana. Huo si wazimu wala uvivu: hofu hupanda, ukilishika kufuli hushuka kidogo, na kesho yake akili hudai tena, kama mkopeshaji asiyeshiba riba. Ndiyo maana tiba inayosaidia humzoesha mtu, hatua kwa hatua, kuiacha hofu ipande na kushuka yenyewe bila kukagua. Unaweza kuanza kwa mara sita badala ya saba, ingawa ni heri uongozwe na mtaalamu. Ulizia huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au piga 116, nambari ya watoto isiyolipiwa. Kuhusu baba, usimkabili siku ya matokeo (siku hiyo masikio ya wazazi huziba). Mtangulize mama au shangazi, kisha umwonyeshe baba hiyo mikono.