Ukristo wa Jina Tu?

Swali: Nimebatizwa na sikosi ibada, lakini kijana niliyemwajiri, ambaye nimechelewa kumlipa mshahara, ameniambia kuwa Ukristo wangu ni wa jina tu. Je, hajanikosea adabu?

Jibu: Hapana, ndugu yetu, na inasikitisha kwamba mdai wako ndiye aliyelazimika kukukumbusha. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vyao vimemfikia Bwana. Zakayo naye, yule mtoza ushuru tajiri wa katika Injili ya Luka, Yesu alipofika kwake, hakuishia kumkaribisha kwa furaha, bali aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Mlipe kijana huyo haki yake yote kabla ya ibada ijayo, kisha umwombe radhi ana kwa ana.