Mwanangu, angalia tairi kabla ya kiti

Mwanangu Ilunga,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza, mimi na baba yako. Unasema Prado imekuchosha, mkataba wa migodini huko Kolwezi umeongezwa, na sasa unataka gari la mtu mzima. Umeniwekea majina matatu, Range Rover mpya, Mercedes G na Lexus LX 600, ukamalizia: "Mama, wewe umeuza piyesi, vipuri vya magari, maisha yako yote, nichukue gani?" Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Jibu langu halimo katika hayo matatu. Chukua Land Cruiser 300 ya usukani wa kushoto, ile inayouzwa nchi za Ghuba, yenye injini ya V6 ya lita 4.0 isiyo na turbo. Najua umeshakunja uso. Soma kwanza.

Injini hiyo unaijua. Ni ileile iliyo kwenye Prado yako, 1GR, ambayo Toyota wanaiweka kwenye magari yao tangu 2002. Inatumia mnyororo, haina mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Hapa Lubumbashi ukiingia gereji yoyote ya mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya, fundi anaifungua huku akibishana habari za timu ya Mazembe. Watu wengi hawajui kwamba Toyota walipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021, injini ya turbo mbili ilikuwa ndiyo habari kubwa, lakini kule Ghuba waliendelea kuuza pia hii ya zamani kwa wanaotaka kuvuka jangwa na kurudi. Umbo ni jipya, ndani ni kupya, moyo ni wa Prado. Na mtu anayekuona ukipita mtaa wa Golf hawezi kuona lita wala turbo, anaona gari.

Nikwambie na ubaya wake. Gari hili ni zito kuliko Prado na linasukumwa na injini ileile, kwa hiyo kwenye kilima utalisikia likilalamika. Esansi, yaani petroli, linakunywa. Ukitaka gari la kuwatoka wenzako mbio kwenye taa, hili siyo.

Sasa Range Rover, maana hiyo ndiyo imekupofusha. Ni nzuri, sikatai; ukikaa ndani na kufunga mlango unasahau kwamba nje kuna vumbi. Lakini kabla hujakaa kwenye kiti, inama uangalie tairi. Yenye janti (rimu) za inchi 23 inavaa tairi iliyoandikwa 285/40 R23. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana huo. Piga hesabu: asilimia 40 ya 285 ni milimita 114, sentimita 11 na kitu. Huo ndio mpira wote ulio kati ya janti yako na shimo la barabara ya Kasenga msimu wa mvua, shimo ambalo limejaa maji hata hulijui kina. Land Cruiser niliyokutajia, ukiichukua na janti za inchi 18, inavaa 265/65 R18, na ukuta wake unapita sentimita 17. Hizo karibu sentimita sita zinazobaki ndizo zinazoamua kama utatukana kidogo na kuendelea, au utasimama kando ya njia usiku ukimulika janti iliyopasuka kwa tochi ya simu. LX 600 yako nayo ikija na janti za inchi 22 inavaa 265/50, sentimita 13 na ushee. Kampuni zinaweka janti kubwa kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Ukubali kununua gari lolote, lakini janti uombe ndogo kuliko zote zinazotolewa.

Halafu ingia uvunguni. Magari mengi ya kifahari ya Ulaya hayakai juu ya springi za chuma. Yanakaa juu ya mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa ndogo. Nimewahi kushika mkononi mfuko uliotolewa kwenye gari la mteja, gari gani sisemi. Kwenye mikunjo ya mpira vumbi letu jekundu lilikuwa limeganda, na ukiufungua mkunjo kwa kidole gumba unaona nyufa nyembamba zimejipanga. Hewa ilikuwa inatoka usiku kucha, asubuhi gari limekaa chini kama kuku anayeatamia. Kompresa inahangaika kulinyanyua, kesho inahangaika tena, mwisho nayo inaungua. Kwa hiyo mfuko mmoja uliopasuka unazaa piyesi mbili za kuagiza. Mteja yule alikuwa mtu mkubwa. Alipanda taksi mpaka mzigo ulipotoka Dubai. Land Cruiser 300 ina springi, na springi anaijua hata kijana anayejifunza kazi.

Nikueleze jinsi muuza piyesi anavyofikiri, maana hili wauza magari hawatakuambia. Haangalii gari lako limegharimu kiasi gani. Anaangalia mjini yapo mangapi kama lako. Pampu ya maji ya Prado nikiiweka kwenye rafu leo, mtu ataifuata wiki hii. Ya gari ambalo mjini yako machache, siwezi kulaza dola zangu hapo nikisubiri mmoja wao aharibikiwe. Hakuna dukani, ina maana kila kitu ni cha kuagiza Dubai au Johannesburg: unalipa piyesi, unalipa ndege, unalipa forodha, na unalipa siku gari linapolala. Kisha ukishaipata, kama ni kitu cha umeme, mara nyingi gari linakataa kukitambua mpaka kisajiliwe kwa programu ya kiwanda. Fundi wetu ana skana, anasoma kosa vizuri kabisa, anakuonyesha na namba yake. Kulifuta lisirudi tena ndiyo kazi nyingine.

Umesema pia ungechukua Range Rover ya mazuti, yaani dizeli, ili kupunguza matumizi. Baba, hapana. Dizeli za Ulaya za siku hizi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na zimetengenezwa kwa mazuti yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Ndiyo sheria yao tangu 2009. Wewe ukikwama katikati ya Likasi na Kolwezi utajaza wapi? Kwa Kadhafi, muuza mafuta wa madumu kando ya barabara. Nani amepima salfa ya lile dumu? Kichujio kikiziba, gari linapunguza nguvu lenyewe, taa inawaka, na safari imeishia hapo.

LX 600 ndiyo iliyonikaribia zaidi, kwa sababu ni ndugu wa Land Cruiser 300, fremu moja. Lakini inakuja na V6 ya lita 3.5 ya turbo mbili, na mwaka 2024 Toyota wenyewe waliita magari zaidi ya 100,000 huko Marekani, Tundra na LX, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini na yangeweza kuiharibu. Kule mwenye gari anapigiwa simu, anapeleka, wanatengeneza bure. Hapa ukiinunua mkononi mwa mtu, nani atakupigia? Ukishindwa kabisa kuiacha, angalau tafuta LX 570 ya miaka ya mwisho, V8 ya lita 5.7 isiyo na turbo. Inakunywa karibu lita 16 kwa kilomita 100. Kolwezi ni kama kilomita 300, kwa hiyo weka lita 50 za kwenda na 50 za kurudi, tena usimpakie mtu anayehurumia esansi.

Baba yako yuko upande wa Mercedes, kama kawaida yake. Bado anaota 240D ile ya W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1986, ambayo enzi za Zaire ukiiona imesimama mbele ya nyumba ulinyoosha shati kabla ya kubisha hodi. Namwambia kila siku kwamba ile haikuwa na kompyuta. Hata hivyo kuhusu G sina matusi. Inatengenezwa Graz, Austria, tangu 1979, ina fremu ya kweli na difu tatu za kufunga, za kulazimisha magurudumu yazunguke pamoja. Kwenye matope naiheshimu. Ila wewe huitaki kwa ajili ya matope, unataka G 63 ya V8, ambayo ikiwa mpya Marekani inapita dola 180,000 kabla ya meli na kabla ya forodha. Kwa gari la bei hiyo utaanza kuogopa kuliegesha mbele ya duka la dada yako.

La umeme, ambalo yule rafiki yako Mchina anakusukuma ulichukue, tuliache. Kobalti inachimbwa hapo Kolwezi unapolala, lakini umeme wa kulichajia hata hapa nyumbani unakuja unapotaka wenyewe. (Na baadhi ya betri za BYD hazina kobalti hata kidogo. Mwambie mimi ndiye niliyesema.)

Sasa usukani, na hapa sibembelezi. Magari mengi yanayopita mpaka wa Kasumbalesa yametoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, yakashika barabara ya Tunduma na Zambia. Huko kote wanaendesha kushoto, usukani uko kulia, sawa kwao. Sisi tunaendesha kulia. Umeshawahi kukaa kama abiria kwenye gari la namna hiyo nyuma ya lori la asidi linalopanda polepole kuelekea Likasi? Dereva haoni kitu, anaona tela tu. Anakuuliza wewe uliyekaa kushoto: kuna kitu? Wewe unanyoosha shingo, unaona lori jingine linakuja mbali, unajaribu kukisia mwendo wake. Ukisema "pita", maisha yenu wawili yako kwenye neno lako. Ukisafiri peke yako, unamuuliza nani? Kwenye mji unaweza kuzoea. Kwenye barabara ile, ambayo wewe unaipita kila wiki, sitaki kusikia kwamba ya Japani ilikuwa nafuu.

Tena 300 za Japani zenyewe zina hadithi yake. Zilipotoka, foleni ya kusubiri ilikuwa ya miaka, na Toyota waliwataka wanunuzi watie sahihi kwamba hawataliuza gari ndani ya mwaka mmoja, kwa hofu ya wanaonunua ili kusafirisha nje. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia moja ya hizo kwa bei ya kutupa, jiulize ameitoa wapi. Ukiona ina usukani wa kulia na karatasi za Afrika Kusini, jiulize mara mbili. Land Cruiser zinaibiwa kule na kuvushwa mipaka, na gari la wizi likikamatwa, pesa yako inaondoka nalo.

Kabla hujatuma dola hata moja ya kushika bei, omba picha ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu, karibu na gurudumu la mbele la kulia, siyo ile ya kibandiko cha mlangoni tu. Ina herufi na tarakimu 17, na kati yake hutaona kamwe I, O wala Q. Iliyotengenezwa Japani inaanza na J. Zilinganishe picha mbili, ya fremu na ya mlango. Muuzaji akisema fremu ina matope na picha haitoki, mwambie aoshe.

Kuhusu pesa sisemi mengi, wewe ni mtu mzima. Tangu sheria ya 2017 ya sutretanse, yaani kazi ambazo kampuni kubwa zinawapa wakandarasi, vijana wengi mmepata mikataba ya migodini, na namshukuru Mungu. Ila mgodi unalipa siku unayotaka wenyewe, na mkopo wa gari una tarehe. Nunua kwa pesa iliyokwisha kuingia, usinunue kwa faktura, ankara ambayo bado haijalipwa. Na kumbuka mgodini kwenyewe huingii nalo: pale getini wanataka Hilux yenye bendera na taa ya juu, hilo la kifahari litakaa nje juani pamoja na dereva. Mtu wa manunuzi akiliona, naye ana macho; mwezi ujao atakuomba ushushe bei.

Kwa hiyo nitumie jina la yule muuzaji wa Dubai na picha za chesisi, nimpe mwenzangu aliye kule akaliangalie kwa macho yake. Mwambie alianze asubuhi injini ikiwa baridi, asikubali kukuta imeshapashwa moto. Land Cruiser likija, Prado usimwahidi mtu. Mjomba wako ameshaanza kuuliza bei, na unajua anavyolipa.

Mama yako