Maswali na Majibu: Funzo, Funzo, Funzo!

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu hadithi fupi za ajabu, zile za majini, mazimwi na wanyama wasemao. Nimechagua maswali manne.

*Hizi si hadithi za watoto?*

La. Kuna ile ya paa: anamtajirisha maskini aliyemnunua; paa akiugua, bwana hataki hata kwenda kumjulia hali. Mtoto atalia. Wewe utamkumbuka mtu.

*Funzo la hadithi ya Nunda ni lipi?*

Mmeanza tena. Mtihani uliisha, lakini bado mnasoma kwa kutafuta jibu la alama mbili. Sultani ana paka. Paka anakula ndama. Sultani anasema, paka wangu, ndama wangu. Anakula mbuzi, ng'ombe, watu. Jibu ni lile lile. Siku paka anapowala wana wa sultani ndipo sultani anatamka: huyu si paka tena, ni nunda. Halafu kitinda mimba, mkaa jikoni aliyedharauliwa na wote, anatoka kuwinda. Analeta mbwa, punda milia, twiga, hata tembo, na kila mara anamwimbia mama yake kwamba amemuua nunda mla watu. Mama anajibu: mwanangu, siye. Ukiyakamua yote hayo yawe "tusiendekeze maovu", umetupa nyama ukabaki na mfupa. Na mwalimu akikulazimisha, mwandikie anachotaka, kisha nenda kaisome upya nyumbani.

*Hadithi yangu ina maneno 2,000, falme tano na joka. Mbona inakataliwa?*

Falme tano zimekula maneno yote. Chagua ajabu moja, iwekee sharti, mwache mtu alivunje. Joka nalo umelitoa wapi, na kwenu kuna chunusi, zimwi la majini? Na ukimaliza kwa "kumbe ilikuwa ndoto", usinitumie.

*Nianzie wapi kusoma?*

Mkusanyo wa mmisionari Mwingereza Edward Steere, hadithi alizosimuliwa Unguja, uliochapwa London mwaka 1870. Ukurasa mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Soma wa Kiswahili. Humo yumo paa, yumo nunda, yumo Hasibu aliyefika kwa mfalme wa nyoka. Wamo pia wanafunzi wa Mwalimu Goso: buyu limemwangukia mwalimu wao likamuua, nao wanakwenda kuukamata upepo wa kusi, mshitakiwa wa kwanza. Hiyo ni ya kuchekesha tu, kwa hiyo msiniandikie kuuliza funzo lake. Hakimiliki ilikwisha zamani, kitabu kimejaa mtandaoni bure. Nakala msiniombe mimi.